Matayarisho ya Kazi Yaanze Chuoni
Somo kwa wanachuo wa Nakivale na Mbarara, na kwa wazazi wao



Katika sehemu hii ya Kiswahili tumezoea kuzungumza na watu waliokwisha kuingia kazini. Tumefundishana juu ya saa za kazi, likizo, ajali na kufukuzwa. Leo tunageuza uso kidogo. Tunataka kuzungumza na vijana ambao bado wako chuoni, ambao kesho watakuwa wafanyakazi wenzetu.

Sababu ya kufanya hivyo ni rahisi. Mara nyingi kijana huja kwetu akiwa amekwisha kuumia: amefanya kazi miezi mitatu bila malipo, hana karatasi hata moja, na jina lililo katika cheti chake halifanani na jina lililo katika kitambulisho chake. Tukimuuliza alianza lini kujitayarisha, hujibu, "Nilipomaliza masomo." Hapo ndipo kosa lilipo. Mwaka wa kumaliza ni mwaka wa kuvuna, na mwenye kuvuna lazima awe alipanda.

Sisi tulioandika somo hili ni wafanyakazi. Baadhi yetu tulisoma Mbarara tukitokea Nakivale. Wengine ni wenyeji wa Ankole, waliozaliwa na kukulia hapa. Tumekaa pamoja, tukakubaliana kwamba mwanachuo anahitaji kukusanya mambo manne kabla ya kutoka chuoni: hati zinazotambuliwa, mikono iliyokwisha kushika kazi, watu watakaomshuhudia, na ujuzi wa haki zake. Tutayachukua moja moja.

HALI ILIVYO

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yamo katika Wilaya ya Isingiro, kandokando ya ziwa la jina hilohilo. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya zamani kabisa ya wakimbizi katika Afrika. Leo wamo watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine. Sokoni Base Camp, mtu wa Bujumbura na mtu wa Bukavu huuziana kwa Kiswahili.

Mbarara, ambao umekuwa jiji tangu Julai 2020, ndio mji mkubwa wa karibu. Hapo kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichofunguliwa mwaka 1989, kuna Chuo Kikuu cha Bishop Stuart kilichoanza 2003, na kuna vyuo vingi vidogo vya ufundi, uuguzi, ualimu na biashara. Kijana wa Nakivale akimaliza sekondari, macho yake huelekea huko.

Lakini njia ni nyembamba. Ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 na UNHCR kwa msaada wa Ujerumani, umewasomesha wakimbizi wengi katika nchi nyingi, ila nafasi zake ni chache kuliko waombaji. Wengi husomeshwa na mzazi anayeuza mahindi, au na ndugu aliye mbali. Chakula nacho kimepungua. Mwaka 2023 shirika la WFP lilianza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji wao, na mwaka 2025, kwa upungufu wa fedha, watu wengi sana waliondolewa katika orodha ya msaada. Nyumba iliyokuwa ikiuza sehemu ya mavuno ili kulipa karo sasa inayala mavuno hayo.

Kwa hiyo mwanachuo wa Nakivale hasomi kwa ajili yake peke yake. Akimaliza na kukaa miaka miwili bila kazi, hasara ni ya watu saba au wanane. Na shida hii si ya mkimbizi tu. Mtoto wa mkulima wa ndizi wa Isingiro naye amesomeshwa kwa ng'ombe aliyeuzwa. Wote wawili watakutana mlangoni pa mwajiri yuleyule. Jambo hili tutalirudia.

JAMBO LA KWANZA: HATI ZINAZOTAMBULIWA

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kufanya kazi ya mshahara, haki ya kufanya biashara na kilimo, na haki ya kufanya kazi ya taaluma yake ikiwa vyeti vyake vinatambuliwa na wakuu wanaohusika nchini. Kanuni za sheria hiyo za mwaka 2010 zinaongeza kwamba mkimbizi asidaiwe ada ili aruhusiwe kuanza kazi au kuendelea nayo. Waajiri wengi hawajui hayo. Kijana anayejua, akaeleza kwa adabu akiwa na kitambulisho chake mkononi, amekwisha kuvuka kikwazo cha kwanza.

Angalia maneno yale: "ikiwa vyeti vyake vinatambuliwa." Hapa ndipo wengi hukwama. Aliyesoma sekondari Kongo ana diploma ya serikali iliyoandikwa kwa Kifaransa. Ofisi ya Mbarara haiwezi kuisoma, na hata ikiisoma haijui ni sawa na cheti gani cha Uganda. Vyeti vya sekondari vya nchi za nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB. Vyeti vya vyuo vya juu hulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Kila moja lina ada yake na fomu zake, na cheti kisicho cha Kiingereza lazima kiambatane na tafsiri iliyothibitishwa. Kazi hiyo huchukua muda. Anayeianza mwaka wa kwanza humaliza bila kuona uchungu. Anayeianza wiki moja kabla ya usaili hukosa kazi.

Kisha kuna habari ya jina. Mkongo huandikwa majina matatu: jina lake, jina la ukoo au la babu, na jina la ubatizo. Alipofika kupokelewa Uganda, karani aliandika mawili, tena akaligeuza la mbele kuwa la nyuma. Chuoni akaandikwa kwa namna ya tatu. Kwake yeye ni mtu mmoja. Kwa benki, kwa mwajiri na kwa mfuko wa akiba ya uzeeni ni watu watatu. Basi weka hati zako zote mezani leo usiku, uzilinganishe herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Ukiona tofauti, nenda Ofisi ya Waziri Mkuu inayoshughulikia wakimbizi pale kambini uulize namna ya kusahihisha, au ukale kiapo cha maandishi mbele ya mwanasheria kwamba majina hayo yote ni yako. Kufanya hivyo ukiwa mwanachuo ni jambo la kawaida. Ukingoja mpaka umepata kazi, mwajiri ataanza kukushuku.

Fundi asiyesoma darasani asikate tamaa. Chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2008 ilifunguliwa njia ya kumpima mtu aliyejifunza kazi kwa mikono, kama vile kushona, kujenga au kutengeneza pikipiki, na kumpa cheti cha ujuzi wake. Mwaka 2025 sheria mpya ilizipanga upya bodi za mitihani ya ufundi. Kwa hiyo uliza chuo cha ufundi kilicho karibu nawe utaratibu wa sasa kabla ya kulipa fedha kwa mtu yeyote. Anayekuuzia cheti barabarani ni mwizi.

JAMBO LA PILI: MIKONO ILIYOKWISHA KUSHIKA KAZI

Swali la kuunganisha masomo na kazi si geni katika Afrika ya Mashariki. Mwezi Novemba 1974, kwa Azimio la Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba kijana wa Tanzania aliyemaliza sekondari afanye kazi kwanza kwa miaka isiyopungua miwili ndipo aombe Chuo Kikuu, tena maoni ya watu wa mahali pake pa kazi yatazamwe. Baadaye masharti hayo yalilegezwa, kwa kuwa yalikuwa na matatizo yake. Lakini fikira iliyokuwa ndani yake ni ya kweli: aliyepata kuamka alfajiri kwenda kazini husoma kwa namna nyingine.

Leo vyuo vya Uganda humpeleka mwanachuo kazini wakati wa likizo ndefu ya katikati ya mwaka. Wauguzi hupelekwa hospitalini na vituo vya afya, walimu hupelekwa shuleni, na mafundi huenda katika karakana na mahali pa ujenzi. Wengi hulichukulia jambo hilo kama muhuri wa kutafuta. Sisi tuliwahi kufanya hivyo, na tunajuta.

Mmoja wetu alipelekwa katika karakana moja ya magari. Kwa wiki saba alifagia, akaosha magari na kutumwa kununua chai. Hakuguswa na injini, wala yeye hakuomba kuigusa. Mwisho wa mazoezi kitabu chake kilitiwa saini kwamba amejifunza breki, giaboksi na umeme wa gari. Alirudi chuoni anacheka. Mwaka uliofuata aliitwa kwenye usaili, akawekwa mbele ya gari lenye breki mbovu, akaambiwa, "Haya, fungua." Alisimama. Mwenzake aliyekuwa nyuma yake, ambaye alama zake chuoni zilikuwa chini, alipiga magoti akafungua tairi. Kazi ilikwenda kwa huyo, na ilikuwa haki.

Kutokana na hayo tunashauri hivi:

(a) Tafuta mahali pa mazoezi mapema, miezi mitatu kabla. Usingoje chuo kikutafutie. Mwenye karakana ndogo huko Nakivale anayetengeneza mashine za kusaga anaweza kukufundisha zaidi kuliko kampuni kubwa itakayokuficha nyuma ya kaunta.

(b) Siku ya kwanza mwombe fundi mkuu mpatane kazi tano ambazo ungependa uwe umezijua siku ya kuondoka. Ziandike. Kila Ijumaa zitazame.

(c) Andika kila siku ulichofanya kwa mikono yako, ulichokiona tu, na ulichokosea. Daftari hilo ni lako. Kitabu cha chuo ni cha chuo. Siku ya usaili, mtu anayeweza kusema "nilikosea hivi, nikasahihisha hivi" huaminiwa kuliko anayesema "najua yote."

(d) Kufagia si aibu. Kila mwanagenzi hufagia. Lakini wiki mbili zikipita hujashika chombo, sema, tena sema mapema, kwanza kwa fundi mkuu, kisha kwa mwalimu wako wa mazoezi.

(e) Uliza swali hili kabla ya kuanza: nikiumia, nani atalipa hospitali? Jibu liwe limeandikwa, ama na chuo ama na mwajiri.

JAMBO LA TATU: WATU WATAKAOKUSHUHUDIA

Katika fomu nyingi za kazi huombwa majina ya watu wawili au watatu wanaokufahamu. Mwenyeji anao: mwalimu mkuu wa kijijini, mchungaji, mjomba aliye ofisini. Mkimbizi ameacha watu wake ng'ambo ya mpaka. Hapana budi awatengeneze upya, na kazi hiyo haifanyiki kwa siku moja.

Shahidi mzuri ni mtu aliyekuona ukifanya kazi. Mwenyekiti wa ushirika wa kuweka na kukopa ambaye ulimsaidia kuandika hesabu. Mwuguzi mkuu wa kituo cha afya ambako ulitafsiri kwa wagonjwa wa Kiswahili na Kinyarwanda. Mwalimu ambaye ulifundisha watoto wake hesabu siku za Jumamosi. Ukimaliza kazi ya namna hiyo, omba barua fupi palepale, yenye tarehe, saini na maelezo ya kazi uliyoifanya. Baada ya miaka mitatu mtu huyo huenda amehamishwa, na wewe hutampata.

Hapa pia tuseme juu ya lugha. Kiswahili chetu ni mali. Katiba ya Uganda ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2005 kiliwekwa kuwa lugha rasmi ya pili, na soko la Jumuiya ya Afrika Mashariki linakihitaji. Lakini katika ofisi za Mbarara barua huandikwa kwa Kiingereza, na mteja anayeingia dukani husalimiwa kwa Runyankore. Kijana aliyekaa miaka minne Mbarara bila kujifunza kusalimu wazee kwa lugha yao amejifungia mlango mwenyewe. Waliosoma kwa Kifaransa wajizoeze kuandika Kiingereza kila juma, hata ukurasa mmoja, na wampe mtu asahihishe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na lugha ya mahali ni jembe la kwanza.

JAMBO LA NNE: KUJUA HAKI KABLA YA KUTIA SAINI

Vyuo vingi hufundisha namna ya kuandika barua ya kuomba kazi. Vichache hufundisha namna ya kusoma mkataba. Yafuatayo mwanachuo ayajue kwa moyo.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inahesabu mkataba wa kazi kuwa mkataba hata kama ni wa maneno ya mdomo, na inaingiza ndani yake mkataba wa uanagenzi. Mwajiri anatakiwa ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi katika muda usiozidi wiki 12 tangu kuanza: majina, tarehe ya kuanza, kazi yenyewe, mshahara, makato, saa za kazi, likizo na muda wa kuarifiana kabla ya kuachana. Muda wa majaribio usizidi miezi sita, ingawa unaweza kuongezwa miezi mingine sita mfanyakazi akikubali. Saa za kazi za kawaida zisizidi 48 kwa juma. Zaidi ya hapo ni malipo ya mara moja na nusu, na siku za sikukuu ya taifa ni mara mbili.

Sheria hiyo inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya rangi, jinsia, dini, siasa, asili ya taifa lake, ulemavu au hali yake ya virusi vya UKIMWI. Malalamiko hupelekwa kwa ofisa kazi wa wilaya. Kwa mfuko wa NSSF, mwajiri hukata asilimia 5 ya mshahara wa mfanyakazi na kuongeza asilimia 10 yake mwenyewe. Na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022, wajibu huo ni wa kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Uliza namba yako ya NSSF mwezi wa kwanza, siyo mwaka wa kumi.

Haki ya kuunda chama cha wafanyakazi na kujiunga nacho imo katika Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 40. Mwanachuo hajawa mwanachama, lakini hakuna kinachomzuia kufika kwenye tawi, kusikiliza na kuuliza. Kama unasoma ualimu, ujue chama cha walimu kabla ya kufundisha. Kama unasoma uuguzi, waulize wauguzi wanaokufundisha wodini wanakutana wapi.

MSHAHARA WA MGENI NA MSHAHARA WA MWENYEJI

Sasa tunafika mahali pagumu, na tumeandika somo zima ili tufike hapa.

Wawili kati yetu, mmoja wa Nakivale na mwingine wa Isingiro, walimaliza masomo ya umeme mwaka mmoja. Wakaajiriwa katika jengo moja, kuvuta nyaya. Kazi ilikuwa ileile, ngazi ileile, jua lilelile. Mwenyeji alilipwa shilingi 20,000 kwa siku. Mkimbizi aliulizwa, "Wewe unataka ngapi?" Akaogopa. Alikuwa na deni la karo na mama aliyeondolewa katika orodha ya chakula. Akasema 12,000, na alifurahi kuzipata.

Mwezi wa pili msimamizi alimwita mwenyeji akamwambia, "Mwenzako anafanya kazi hii kwa 12,000. Kuanzia Jumatatu wote ni 14,000. Usiyetaka, lango liko wazi." Jioni ile mwenyeji alimkasirikia mwenzake sana. Alimwita mla jasho la watu. Mkimbizi naye alijibu kwamba tumbo halina uraia. Wote wawili walisema kweli, na wote wawili walikuwa wakigombana na mtu asiyehusika.

Siku tatu baadaye walianza kusemezana tena. Wakawaita vibarua wengine watatu, wakaenda kwa msimamizi pamoja, wakaomba malipo ya namna moja kwa kazi ya namna moja. Hawakurudishiwa 20,000. Walipewa 17,000 wote, mpaka jengo likaisha. Mkimbizi alipanda kwa 5,000. Mwenyeji alipoteza 3,000 badala ya 6,000. Tunatoa hesabu hii kama ilivyo, bila kuipamba. Kama wangalikubaliana kabla ya siku ya kwanza, wangaliokoa zaidi.

Kwa nini msimamizi aliweza kufanya vile? Kwa sababu chini ya miguu ya mfanyakazi wa Uganda hakuna sakafu. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, fedha ambayo leo haitoshi hata chakula cha siku mbili. Mswada wa kima kipya uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukupata kibali cha Rais. Pasipo sakafu ya sheria, sakafu inayobaki ni mapatano ya wafanyakazi wenyewe. Na mapatano hayo hayawezi kusimama ikiwa kundi moja liko nje.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo wa Nakivale: kabla ya kwenda usaili, uliza kazi hiyo hulipwa kiasi gani mjini. Waulize watu watatu wanaoifanya. Usitaje bei kwa hofu. Ukiuza jasho lako kwa nusu, umeshusha bei ya jasho la jirani yako, na yeye hatakusamehe upesi.

Na wewe, ndugu mwanachuo mwenyeji: yule mgeni anayeketi nawe darasani si adui wa kazi yako. Mwambie bei. Mwonyeshe ofisi. Ukimficha, utamkuta langoni akikubali 12,000, na ficho lako litakurudia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

KALENDA YA MWANACHUO

Mwaka wa kwanza: linganisha majina katika hati zote, anza shughuli za UNEB au NCHE, fungua daftari la kazi, jifunze salamu za mahali.

Mwaka wa pili: chagua mwenyewe mahali pa mazoezi; patana kazi tano za kujifunza; pata barua moja ya ushuhuda; soma mkataba mmoja wa kweli wa mtu anayefanya kazi yako, ukimwomba akuonyeshe.

Mwaka wa mwisho: pata barua ya pili na ya tatu, uliza kama kazi yako inahitaji kuandikishwa na baraza la taaluma, kama ilivyo kwa wauguzi na wakunga, jua bei ya kazi mjini, tembelea tawi la chama. Anayesoma miezi sita tu katika chuo cha ufundi afanye hayo yote kwa miezi: miezi miwili mahali pa mwaka.

Mwanachuo mwenye nauli haba atauliza: nitapata wapi fedha za kwenda na kurudi? Jibu letu ni kwamba mengi ya haya hayahitaji nauli. Daftari, majina, lugha, na kuuliza bei hufanyika mahali ulipo. Yanayohitaji safari, yafanyeni kwa pamoja: mmoja aende na karatasi za wenzake watano ili kuuliza habari, arudi awaeleze, ndipo kila mtu aende mara moja tu na fomu iliyokamilika.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

Somo hili lisomwe na kikundi cha watu watano au sita, wenyeji na wakimbizi wakichanganyika ikiwezekana. Msomaji mmoja asome kwa sauti, wengine wajibu.

1. Majina yako yameandikwa namna ngapi katika hati zako? Leteni hati mtazame.

2. Fundi, mwuguzi au mwalimu anayeanza hulipwa kiasi gani Mbarara leo? Nani katika kikundi ameuliza, na amemwuliza nani?

3. Katika hadithi ya karakana, kosa lilikuwa la nani: la mwanachuo, la fundi mkuu, au la chuo? Kila mmoja wao angeweza kufanya nini katika wiki ya pili?

4. Wale mafundi wawili wa umeme walipaswa kukubaliana nini kabla ya siku ya kwanza? Je, yule wa Nakivale, mwenye deni na mama mwenye njaa, alikuwa na nafasi ya kukataa 12,000? Nani angemsaidia akatae?

5. Ni watu gani wawili hapa kijijini wanaoweza kukuandikia barua mwezi huu?

Swali la nne ndilo gumu, na sisi wenyewe hatukulimaliza kwa jioni moja. Andikeni majibu ya kikundi chenu, muyapeleke kwenye tawi la chama lililo karibu nanyi. Hata aliye mwanachuo atapokewa, atapewa kiti, na atasikilizwa.